Mdogo wangu, yale mahindi mabovu tumpe nani?

Mbukwa, nakusalimu kwa Kigogo chetu, mdogo wangu.

Ningekupigia simu, ila ukisikia tu sauti yangu unasema, "Dada, niko kikaoni." Basi nakuandikia hapa mbele za watu, maana hauko peke yako. Wenzako wengi mnaokuja vijijini na fulana zenye nembo mna kasoro hiyohiyo.

Siku ile uliyokuja kutufundisha habari za sumukuvu, ukumbi wa kata ulijaa. Mama alivaa kitenge chake cha harusini, si mwanawe anafundisha bwana! Mimi nilikaa nyuma nikihesabu. "Aflatoksini", jina la kitaalamu la sumu hiyo, uliitamka mara 11, "mnyororo wa thamani" mara 6, halafu umeme ukakatika na picha zako za ukutani zikaondoka nao. Nilishangaa, kwa sababu neno sumukuvu linajieleza lenyewe: sumu ya kuvu. Bibi yeyote aliyewahi kufunua kihenge akakutana na harufu ya ukungu angekuelewa kabla hujafika mbali.

Tena habari yenyewe si ngeni kwetu. Mwaka 2016, hapa Dodoma na kwa jirani zetu wa Manyara, watu waliugua macho yakawa ya njano, matumbo yakajaa, wakatapika. Waliohesabiwa walikuwa 68, na 20 kati yao walifariki. Unakumbuka yaliyosemwa wakati ule: huyu anasema mkono wa mtu, yule anasema maji. Kumbe ni sumukuvu kwenye mahindi ya ndani mwetu. Wote waliokaa kwenye mabenchi yale wanaukumbuka mwaka huo.

Sasa nikwambie kilichobaki vichwani mwa watu. Cha kwanza ni wale bata mzinga wa Uingereza, zaidi ya 100,000, waliokufa mwaka 1960 kwa kulishwa chakula chenye mashudu ya karanga zilizoingiwa na kuvu. Uliisema kwa kupita tu, wakati fundi anahangaika na waya, na ndiyo inayosimuliwa hadi leo kilabuni.

Cha pili ni chumvi, na hiyo hukuifundisha wewe. Wiki iliyofuata nilikaa na watu chini ya mbuyu. Nikachukua chupa ya kioo kavu, nikatia mahindi, nikaongeza chumvi kavu, nikafunga kifuniko na kutikisa vizuri. Tukaiacha itulie kidogo. Mahindi yangu, chumvi ikaporomoka yote chini. Ya jirani, ikaganda kwenye kioo kama vumbi kwenye jasho. Hakuna aliyeniuliza unyevu ni asilimia ngapi. Chumvi ikinata, mahindi yarudi juani, tena juu ya turubai, siyo kwenye udongo. Mzee mmoja aliinuka bila kuaga akaenda kwake. Alikuwa ameshayafunga ya kwake kwenye ile mifuko isiyopitisha hewa, kwa kuwa aliambiwa mifuko hiyo ndiyo dawa. Mifuko ni mizuri, sikatai, ila ukifungia humo mahindi yenye unyevu umejitafutia uozo.

Lakini kinachonifanya niandike ni swali la Mama. Alinyoosha mkono, unakumbuka? Akauliza, "Nikishayachambua, yale mabovu nampa nani?" Ukajibu, "Yateketezwe." Ukasogeza picha nyingine.

Mwaka huu mvua zilikata mahindi yakiwa yanajaza punje, na ukame wa wakati huo ndio kuvu hupenda. Kwenye magunia 7, Mama alichambua debe zima: zilizosinyaa, zilizotobolewa, zenye rangi ya majani. Debe hilo, ikifika Februari, ni siku ngapi za ugali? Unajua njia zake nyingine. Wapo wanaowauzia wapika pombe, maana kwenye pombe nani ataona rangi ya punje. Wapo wanaowamwagia kuku. Na karanga ndiyo usiseme: zilizojaa zinakwenda mnadani, makapi yanabaki nyumbani, yanatwangwa na kuingia kwenye mboga na kwenye uji wa lishe wa mtoto, uleule tulioambiwa kliniki tuutie karanga.

Kwa hiyo jibu lako lilikuwa sahihi. Kuyapika hakuimalizi sumu hiyo, wala kuchemsha pombe. Ng'ombe akila, sehemu yake inatoka kwenye maziwa. Kuku nao wanadhoofu. Ini la mtu linaumia polepole, na hata punje inayoonekana safi yaweza kuwa nayo. Hayo yote ungeyasema pale, ukakaa nayo, watu wangekuuliza zaidi. Wewe ulitupa neno moja la amri na kuendelea.

Chini ya mbuyu tulikaa nalo. Mama mmoja akasema anayechoma debe lake anapata hasara peke yake, na anayeuza anakula faida, haki iko wapi? Mwingine akapendekeza kikoba chetu kimfidie nusu ya bei anayeteketeza. Wa tatu akacheka: "Mtaletewa mabovu ya wilaya nzima!" Mpika pombe alikuwepo pia, kanyamaza muda mrefu, halafu akasema hata yeye ana watoto wanaoonja pombe hiyo. Hatukukubaliana. Jua likazama tukiwa bado tunabishana, na sijawahi kuona watu wakijifunza kiasi kile.

Njoo kabla ya mavuno safari hii, siyo baada. Njoo na chupa, sinia na hiyo habari ya bata mzinga. Fulana ya nembo iache mjini.

Debe bado lipo nyuma ya jiko. Nimelifunika na kipande cha bati na jiwe juu, kuku wasilifikie. Mama hupita hapo kila asubuhi akienda kuchota maji. Analitazama, halafu anapita.

Dada yako.