Barua ya wazi kwa mdogo wangu aliyeko Doha

Mdogo wangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Namwomba Mwenyezi Mungu barua hii ikukute mzima, wewe, mkeo na watoto. Ninaiandika hapa palipo wazi kwa sababu simu zangu huzipokei, na kwa sababu maneno uliyoyaandika katika kundi la ukoo baada ya maziko ya Ami yamesomwa na wengi ambao hawakuwako Mombasa siku ile. Ulisema hatukukungoja. Ami alikata roho kabla ya alfajiri na akazikwa baada ya swala ya Adhuhuri, kama alivyozikwa baba na kama tutakavyozikwa sisi. Maiti hawekwi kungojea ndege. Hilo sitalirudia. Linalonikaa moyoni ni la nyuma zaidi, ni la usiku ule uani kwa shangazi, wageni wa harusi walipokwisha kuondoka, na najua umekwisha kulitambua hata kabla sijalieleza.

Ami alikuwa amekaa mkekani, watoto wamemzunguka, akiwauliza chemsha bongo zilezile alizotulea nazo sisi. Aliwauliza rasi kubwa kuliko zote duniani ni ipi, na mto wake mkubwa unaitwaje. Wakahangaika kutafuta jina la mto, mpaka alipowaambia kwamba Bara Arabu, pamoja na ukubwa wake wa zaidi ya kilomita za mraba milioni 3, halina hata mto mmoja unaotiririka mwaka mzima. Walifurahi mno kutegwa namna ile. Kisha akauliza lile swali alilolipenda kuliko yote: ni wapi katika Bara Arabu ambako minazi huzaa, manyunyu hayakatiki msimu mzima, na ng'ombe hula samaki? Mwanao aliinua mkono. Wewe ukamtangulia. Ukasema, "Hakuna, mwanangu. Hizo ni hadithi za mabaharia. Huko ninaishi mimi, ni jangwa tupu." Watu wakacheka, kwa kuwa ulikuwa umekuja na zawadi za kila mtu, na anayeleta zawadi huchekewa. Ami alikutazama, akasema, "Huenda, mwanangu," kisha akaomba ashikwe mkono apelekwe kulala. Tangu usiku ule hakuwauliza tena watoto swali lolote.

Neno hilo "huenda" ndilo nisiloweza kulisamehe. Mtu aliyeyaona mambo kwa macho yake, wewe ukamlazimisha kuyatilia shaka mbele ya wajukuu.

Mdogo wangu, wewe unaishi Qatar. Qatar nayo ni rasi, ila ni rasi ndogo iliyochomoza ubavuni mwa ile kubwa: ina kilomita za mraba zipatazo 11,500, urefu wake kutoka kusini hadi kaskazini ni kama kilomita 160, na kilima chake kirefu kabisa, Qurayn Abu al Bawl, hakifiki mita 110. Ni nchi tambarare, ya mawe na changarawe, na watu wake leo hunywa maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi. Uliyaona hayo, ukayafanya kuwa Bara Arabu zima. Ungepanda milima ya magharibi ya Yemen, ambako kilele cha Jabal an-Nabi Shu'ayb kinapita mita 3,600, na ambako wakulima wamechonga matuta kwenye miteremko wakipanda mtama na kahawa kwa karne nyingi, usingesema "jangwa tupu". Ungekumbuka hata Sura ya Sabaa (ya 34) tuliyoisoma chuoni, na bwawa la Marib, hukohuko Yemen, lililonywesha bustani za Wasabai kwa zaidi ya miaka 1,000 kabla ya kubomoka kwa mara ya mwisho katika karne ya 6. Hayo Ami alitueleza sote wawili. Tulikuwa tumekaa upande mmoja wa mkeka.

Mahali alipopauliza Ami ni Dhofar, kusini mwa Oman, na mji wake ni Salalah. Hakupasoma kitabuni. Katika miaka ya 1950, kabla vita vya Dhofar havijaanza, jahazi lao lililotoka Lamu na shehena ya boriti lilichelewa njiani, likafika huko mwishoni mwa Mei, kusi limekwisha kukaza. Kusi likikaza, pwani ile ya wazi haiendeki. Mawimbi huifunga hadi karibu na Septemba. Basi wakaliingiza jahazi kwenye hori la Raysut na kukaa nchi kavu msimu wote, na ndipo alipoiona hali ambayo Waarabu huiita khareef. Upepo ni uleule wetu wa kusi, unaopita hapa kwetu na kuyaelekea mashariki ya kaskazini. Unapoisukuma bahari ya Dhofar, maji ya baridi hupanda juu kutoka kilindini, hewa yenye unyevu hupoa, nayo ikigonga ile milima inayoupa mji mgongo hugeuka ukungu na manyunyu. Joto husimama kwenye nyuzi 25 hivi, na wakati huohuo wewe huko Doha unapigwa na nyuzi 45. Miti huyakamata matone ya ukungu kwa majani yake na kuyadondosha ardhini, milima ikawa kijani kibichi, na ng'ombe wakalisha majani hadi magotini. Ukivuka mgongo wa milima hiyo ukaingia upande wa pili, kijani hukatika ghafla, jangwa huanza; na hapo penye ukame, si penye ukungu, ndipo unapostawi mti wa ubani ulioitajirisha pwani ile tangu zama za kabla ya Uislamu. Mwaka 2000 mabandari yake ya kale na bonde la miti hiyo viliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO.

Na ng'ombe wanaokula samaki? Ibn Battuta alifika Mombasa na Kilwa yapata mwaka 1331, na kutoka Kilwa akapanda chombo hadi Dhofar, njia ileile ya Ami. Aliandika kwamba wanyama wa huko hulishwa dagaa, akaishangaa hali hiyo kama ulivyoishangaa wewe, na akaeleza pia habari za migomba na minazi. Tofauti yenu ni kwamba yeye alikwenda akaangalia. Hadi karibuni wafugaji wa milima ile walikuwa wakiwapa ng'ombe na ngamia wao dagaa waliokaushwa, majani yanapokwisha.

Lipo jingine ambalo Ami hakuwahi kukuambia, kwa kuwa hukumpa nafasi. Kati ya Salalah aliyoijua yeye na Doha unayoijua wewe kuna Rub al Khali, jangwa la mchanga lenye kilomita za mraba zipatazo 650,000, ambalo kwalo machuguu ya mchanga hufika mita 250. Hilo ndilo jangwa tupu, nalo si tupu, kwani Wabedui wa Rashid na wa makabila mengine walivijua visima vyake kimoja kimoja. Desemba 1930 Mwingereza Bertram Thomas, aliyekuwa waziri wa Sultani wa Muscat, alitoka Salalah kwa ngamia akiongozwa na Sheikh Salih bin Kalut wa Rashid, na Februari 1931 akatokea Doha. Vitabu vingi humpa sifa Mwingereza. Ami alimpa sifa Salih bin Kalut, na mimi naona alihukumu kwa haki, maana ni yeye aliyejua maji yako wapi. Iangalie ramani, ndugu yangu: mwisho wa safari ile ni mlangoni pako na mwanzo wake ni mlangoni pa Ami.

Hata hiyo Doha yako ina mambo ambayo Ami aliyajua kuliko wewe. Ukiingia nyumba ya kale, tazama dari. Zile nguzo nyembamba zilizopangwa ni mikoko ya mwambao wetu, ya Lamu na ya Rufiji, kwa kuwa Ghuba haikuwa na mbao za kujengea. Na vyumba vya zamani vya Doha, vya Kuwait na vya Lamu vina upana unaokaribiana kwa sababu boriti haivuki zaidi ya pale. Kabla ya mafuta ya Dukhan, yaliyopatikana mwishoni mwa miaka ya 1930 na kuanza kuuzwa nje mwaka 1949, watu wa huko waliishi kwa lulu, na mji wa Al Zubarah, uliokuwa soko kubwa la lulu katika karne ya 18, sasa ni magofu yaliyotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2013. Lulu za kufugwa za Wajapani zilipoingia sokoni, biashara ile ilikufa na njaa ikapiga. Na waliozama kutafuta lulu hawakuwa wote watu huru. Wengi walikuwa wametekwa upande wetu huu wa Afrika wakauzwa huko, na Qatar ilifuta utumwa mwaka 1952, siku ambazo Ami alikuwa kijana. Hilo hakutuficha, wala hakulifanya hadithi ya kulalia. Iko nyumba hapo Doha, Bin Jelmood, iliyofanywa makumbusho ya habari hiyo. Mpeleke mwanao, aingie akijua anaingia kwa nani.

Nakushauri, kama dada yako mkubwa, uchukue likizo kati ya mwishoni mwa Juni na Septemba, uende Salalah na watoto. Usiende kupiga picha tu. Panda juu milimani, kisha vuka upande wa pili uone kijani kinapokatika. Nakushauri pia usimtangulie mwanao anapoinua mkono. Mtoto yule alilijua jibu. Aliniambia kesho yake jikoni, na nilipomuuliza kwa nini alinyamaza akasema baba alikwisha kusema hakuna.

Kuhusu ramani, ulidai kwamba nimekudhulumu. Ile ramani ya bahari yenye alama za penseli Ami aliitoa mwenyewe, akiwa na akili zake timamu, kumpa binti wa binamu yetu, na mimi na shangazi tulikuwa mashahidi. Binti yule ndiye aliyemfuata chumbani asubuhi baada ya harusi, akamwomba amwonyeshe huko kuliko na ng'ombe wanaokula samaki. Ami akaifungua ramani kitandani, wakakaa nayo mpaka Adhuhuri. Ungeniuliza, ningekueleza. Hukuniuliza, uliandika kwa watu kwamba nimegawa mali ya marehemu. Mimi niliyemlisha, niliyemfulia, niliyekesha naye katika miezi yake ya mwisho, sikuchukua hata kofia yake. Pesa ulizokuwa ukituma zilifika, Mungu akulipe. Dawa zilinunuliwa kwazo na risiti ninazo zote. Lakini pesa hazikumrudishia hamu ya kuuliza. Mama hajui kwamba nakuandikia haya, tafadhali usimtajie, presha yake haijatulia.

Nakukumbuka, ndugu yangu. Nakukumbuka ulivyokuwa ukilala magotini pa Ami kabla maswali hayajaisha, na jinsi alivyokuwa akikubebesha ushindi wa maswali aliyouliza ulipokuwa usingizini, akiniambia, "Na hili amelijibu mdogo wako." Sikuwahi kumbishia.

Khitma ya mwaka wa Ami tutaisoma Shaabani, inshallah. Chumba chako kimesafishwa. Watoto waliokuwako usiku ule watakuwako wote, nami nataka usimame mbele yao, kabla ya dua, uwaambie kwamba Dhofar ipo, minazi ipo, ng'ombe wanaokula samaki wapo, na kwamba Ami alisema kweli ukambishia. Ukilifanya hilo, ya kundi la ukoo na ya ramani mimi nimeyafuta. Usipolifanya, utakula, utalala, utaheshimiwa kama mgeni yeyote, na nitawaambia mimi wakiwa mbele yako.

Dada yako