Mashine ya oksijeni ya Mama isubiri kwanza

Lund, Uswidi

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi na wapwa zako hatujambo, ni baridi tu inayotuandama. Wifi na watoto nawasalimu sana. Nimepata ujumbe wako kuhusu kifua cha Mama pamoja na bei uliyotajiwa ya mashine ya oksijeni, na nimeona heri nikujibu kwa barua kuliko kwa simu, kwa sababu jambo lenyewe ni refu na ningependa mlisome wote kabla hatujaanza kuchangishana. Ombi langu ni kwamba mashine hiyo isinunuliwe kwa sasa. Fedha nitatuma, lakini kwa matumizi mengine ambayo nitayaeleza.

Kama ujuavyo, kazi yangu ni kuwahudumia wagonjwa majumbani, na baadhi ya wazee ninaowatembelea wanaishi na mashine za namna hiyo. Huwekwa ukumbini ikavuma mchana kutwa, mpira mwembamba ukitambaa sakafuni hadi jikoni na msalani, na mgonjwa hana budi kujizoeza kuuruka asijikwae. Wapo wanaofaidika nayo kweli. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1981 uliwafuatilia wagonjwa kwa miaka 5. Kati ya 42 waliopewa oksijeni kwa angalau saa 15 kila siku walifariki 19, na kati ya 45 ambao hawakupewa walifariki 30. Lakini hao walikuwa watu ambao oksijeni yao ilikuwa imeshuka mno katika damu, kiwango ambacho kwa kile kipimo cha kidoleni ni kama asilimia 88 kwenda chini, mtu akiwa ametulia kitini. Kipimo cha Mama, kwa maelezo yako, kilisoma 92. Watu wa kiwango chake nao walichunguzwa huko Marekani, wagonjwa 738, na majibu yakatoka mwaka 2016: oksijeni haikuwarefushia maisha, haikuwapunguzia kulazwa, wala haikuwapa nafuu ya maana katika shughuli zao za kila siku.

Hata hivyo, sitaki mkiamini kipimo cha kidoleni kupita kiasi. Mwishoni mwa mwaka 2020 watafiti wa Michigan walionyesha kwamba kifaa hicho kinaweza kusoma juu kuliko hali halisi, na kwamba kosa hilo huwapata wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya wazungu. Kwa hiyo Mama apimwe tena, mikono ikiwa na joto, kidole kikiwa hakina hina, na daktari akiona shaka achukue damu ya ateri, yaani mshipa utokao moyoni, ipimwe. Ikithibitika kwamba ameshuka hadi kiwango kile, nitakuwa wa kwanza kuchangia mashine, na wala hatalazimika kufungwa nayo usiku na mchana, kwani utafiti wa hapa Uswidi uliotangazwa mwaka 2024 uliona kwamba saa 24 hazikuleta faida kuliko saa 15.

Jingine ni nyumba yenyewe. Mashine ya kawaida hula wati 300 na zaidi, yaani saa 15 kwa siku ni karibu uniti 5 za umeme wa LUKU. Mwezi mmoja tu mmeshavuka mbali zile uniti 75 za bei nafuu za wateja wadogo, na umeme ukikatika Mama anabaki na mpira puani usiotoa kitu. La kutisha zaidi ni moto. Oksijeni huufanya moto ushike kwa kasi, na hapa mgonjwa haruhusiwi kukaribia hata mshumaa, sembuse mafiga ya Mama.

Sasa kuhusu chanzo. Umeuliza inakuwaje Mama augue ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ule wa wavuta sigara, ilhali hajawahi kushika sigara. Zamani nasi tulifundishwa hivyo hivyo, lakini mawazo yamebadilika sana. Mwaka 2015 ulitoka uchunguzi uliowahusisha watu wa Marekani na wa Copenhagen, ng'ambo tu ya maji kutoka hapa nilipo, ukaonyesha kwamba karibu nusu ya waliopata ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa hawakuwahi kuwa na mapafu yaliyokomaa sawasawa tangu ujanani. Mapafu hujengwa tumboni na utotoni, na chochote kinachoyadumaza wakati huo, iwe ni uzito mdogo wa kuzaliwa, nimonia au moshi, hudaiwa uzeeni. Mama alibebwa mgongoni jikoni tangu akiwa mchanga, akapika kwa kuni maisha yake yote, na kabla hujazaliwa aliugua TB. TB hupona, vijidudu vikaisha, lakini makovu yake huweza kubana njia za hewa kwa miaka yote inayobaki. Ndiyo maana sikupendezwa niliposikia kwamba mwaka juzi alirudishiwa dozi nzima ya TB ilhali makohozi hayakuonyesha kitu. Akikohoa, makohozi yapimwe kwa mashine ya GeneXpert inayotafuta vijidudu vya TB, na yakiwa safi, kitafutwe kingine.

Hicho kingine hupatikana kwa spirometa. Ni kipimo kisicho na sindano: mgonjwa huvuta pumzi hadi mwisho, kisha hupuliza kwa nguvu zote kama anayewasha kuni mbichi, na kifaa huandika ametoa hewa kiasi gani katika sekunde ya kwanza. Ikiwa ni chini ya asilimia 70 ya hewa yote aliyoitoa, hata baada ya kuvuta dawa ya pampu ya kufungua kifua, njia zimeziba. Ulizia hospitali ya KCMC, Moshi, kabla hamjasafiri, nauli isije ikapotea bure.

Kuhusu jiko nitakueleza bila kupamba. Kule Malawi watoto wa familia zilizopewa majiko yenye moshi pungufu hawakupungukiwa nimonia, na utafiti mkubwa wa nchi 4, Rwanda ikiwemo, uligawa gesi kwa nusu ya kaya 3,200 kwa miezi 18. Moshi ulishuka sana, lakini nimonia kali ya watoto wachanga haikupungua kwa kiasi cha kuthibitika. Wako wanaosema basi kuni hazina neno. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu mapafu ya mtu mzima huharibika kwa miongo, si kwa miezi 18. Kusini mwa China watu karibu 1,000 walifuatiliwa kwa miaka 9, na waliopata biogesi pamoja na chumba cha kupikia chenye kupitisha hewa vizuri ndio ambao mapafu yao yalichelewa zaidi kuchakaa. Kwa hiyo mtungi wa gesi peke yake hautoshi. Ule ukuta wa nyuma wa jikoni utobolewe dirisha, na maharage, ambayo najua Mama hatakubali kuyapika kwa gesi, yapikwe nje.

Pampu ya buluu anayoitumia peke yake humfungua kwa muda tu. Daktari aamue dawa ya kila siku baada ya spirometa. Sindano mpya iliyoidhinishwa huku mwaka 2024 ni ya wagonjwa wachache wenye aina fulani ya chembe nyeupe nyingi katika damu, na bei yake haisemeki, hivyo tusiihangaikie.

Kuna tiba moja ambayo haihitaji fedha, na katika kazi yangu sijaona nyingine inayowarudishia wagonjwa wengi namna hii uwezo wa kutembea. Ni mazoezi yenye mpangilio. Uganda waliwafanyisha watu wenye mapafu yaliyoharibiwa na TB kwa wiki 6, mara mbili kwa wiki, nao wakaweza kwenda mbali zaidi na kupungukiwa na kuhema. Msimwambie Mama apumzike tu. Atembee hadi mahali anapoanza kuhema, asimame, apumue taratibu kwa midomo iliyobanwa, kisha aendelee, na kila baada ya siku chache asogeze mwisho wake kidogo. Asimame na kuketi kitini bila kujishikiza kwa mikono, mara kadhaa, asubuhi na jioni.

Fedha za nauli, vipimo, mtungi na fundi wa dirisha nitazituma mwisho wa mwezi kwa simu ya wifi. Majibu ya spirometa yapigie picha karatasi nzima, pamoja na mchoro wake, unitumie kabla hajaanzishiwa dawa mpya.

Mdogo wako