Kwenu mliogombana uani kwangu

Wanangu,

Nimesubiri hasira ishuke ndipo niandike. Haijashuka yote, mtanivumilia.

Krismasi mlikuja nyumbani Kibosho, mkachinja mbuzi, mkakaa chini ya migomba na mbege yenu ya ndizi. Kabla jua halijazama wawili kati yenu walikuwa wamesimama wananyoosheana vidole, mmoja mwalimu wa shule ya msingi ya serikali, mwingine dereva wa watalii Arusha. "Nyie serikalini mnalipwa kwa kulala." "Na nyie mnaokota dola porini halafu mnatulilia shida." Wengine mkashangilia kama mko uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Nikawauliza swali moja tu: michango yenu ya pensheni imefika miezi mingapi? Mwalimu akaangalia viatu vyake. Dereva akacheka, "Mama mkubwa, hayo ni mambo ya uzeeni." Nikanyanyuka nikaenda kulala bila kula.

Mimi nimeandaa mishahara ya watu miaka 28, kwanza kampuni binafsi pale Moshi mjini, baadaye halmashauri. Nimekula chumvi ya pande zote mbili, kwa hiyo msiniletee hadithi.

Mishahara yenyewe nitaipitia haraka. Kima cha chini serikalini kilipanda Julai 2025 kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Cha sekta binafsi, kwa wastani wa sekta zote, kimetoka 275,060 kwenda 358,322 kuanzia Januari 2026. Mwalimu asianze kupiga makofi, maana kima cha chini ni sakafu tu. Dereva, watalii wakijaa, anaweza kupata kwa bakshishi za wiki mbili kiasi ambacho mwalimu anakisubiri hadi mwisho wa mwezi. Kisha Aprili mvua inanyesha, magari yanalala, dereva anakwenda kumkopa mwalimu. Ndiyo maana nyie wawili hugombana Desemba na kupatana Aprili.

Ninachotaka mkielewe ni tofauti ya mshahara mnaoutaja kwenye mbege na mshahara unaochangiwa. Huu wa pili ndio utakaowalisha mkishazeeka. Mchango ni asilimia 20. Mtumishi wa umma hukatwa 5, mwajiri anaongeza 15, unakwenda PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma uliozaliwa 2018 baada ya mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF kuunganishwa. Wa sekta binafsi yuko mfuko mwingine, NSSF, na kwa kawaida hukatwa 10, mwajiri naye 10. Kwa hiyo watu wawili wenye mshahara wa milioni moja, mmoja anaachia elfu hamsini, mwenzake laki moja, na kikapu ni kilekile. Hiyo ndiyo tofauti ya kugombania, na hakuna hata mmoja wenu aliyeitaja.

Bakshishi haimo kwenye hesabu hiyo. Dola ya Mzungu wa Ngorongoro haijawahi kufika kwenye pensheni ya mtu. Mwalimu naye asitabasamu: posho ya semina na ya kusimamia mitihani haimo pia. Nimeona wakubwa wa ofisi walioishi kwa posho za safari, siku ya kustaafu wanaikuta pensheni imehesabiwa kwa mshahara tu, wanashika kichwa kana kwamba wameibiwa.

Nimekaa na kalamu niwaonyeshe. Chukua mtu aliyechangia miaka 30, yaani miezi 360, na wastani wa mshahara wake ni milioni moja kwa mwezi. Wastani huo ni wa miaka mitatu iliyo bora katika kumi ya mwisho. Kwa kikokotoo cha zamani cha PSPF, yaani kanuni ya kuhesabu mafao, alikuwa akipata nusu ya pensheni yake kwa mkupuo, mara moja akistaafu: milioni 62, kisha 333,000 na ushee kila mwezi. Mwaka 2018 serikali ikataka mkupuo uwe asilimia 25 kwa wote, watu wakapiga kelele, kanuni ikasimamishwa Desemba ya mwaka uleule. Julai 2022 ikaja 33 kwa wote. Julai 2024 wale waliokuwa wakipata nusu wakapandishiwa hadi 40, na wale ambao mifuko yao iliwapa 25 tangu zamani, wakiwamo wa NSSF, wakapata 35. Leo basi, kwa kuwa hata kanuni yenyewe ya kuhesabu imebanwa, si asilimia tu, wa 40 anapata kama milioni 37 na 372,000 kwa mwezi. Wa 35 anapata kama milioni 32 na nusu na 403,000 kwa mwezi. Someni tena, msiruke. Anayechukua kidogo mwanzoni anakula zaidi kila mwezi, na akiishi miaka mingi kama bibi yenu, hatajuta sana. Lakini ili uipate hiyo ya kila mwezi lazima uwe umechangia miezi isiyopungua 180. Ndiyo maana niliwauliza miezi, sikuwauliza hela.

Sasa niwaambie la kaka yenu mkubwa. Yule aliyekuwa anawamiminia mbege huku mnabishana, hakufungua mdomo. Naye alikuwa dereva wa watalii, miaka sita kwenye kampuni moja ambayo sitaitaja. Machi 2020 ndege za watalii zilipokata, waliambiwa warudi nyumbani. Nikamwambia, nenda NSSF, kuna fao la kukosa ajira: aliyechangia angalau miezi 18 na hakuacha kazi mwenyewe hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Akaenda amechomekea vizuri. Akaambiwa michango yake iliyofika ni ya miezi 11. Miaka sita alikatwa kila mwezi! Akaulizwa slipu za mshahara. Mkewe alikuwa ameziwashia jiko, zimebaki nne. Aliporudi ofisi ya kampuni kudai, kibao kilishang'olewa ukutani. Leo anauza mitumba Kiboroloni, na nyie mnamwita "mzee wa balo" mkicheka.

Huyo mwajiri nilikuwa namwona kanisani. Benchi la mbele, anaahidi mabati, tunampigia makofi. Kumbe mabati yalikuwa makato ya vijana wetu! Na sisi wazazi tuna letu: posa ikija tunauliza "anafanya kazi wapi", tukisikia serikalini tunashusha pumzi, tukisikia kampuni ya watalii tunauliza gari ni la nani. Hatuulizi mwajiri anapeleka michango au hapeleki.

Wa serikalini nao wasijione wamelala kwenye mwamba. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilikuwa na makao yake hapohapo Arusha, nayo ilikuwa serikali tatu kwa pamoja. Ilivunjika 1977, na wazee wake wakadai mafao miongo kwa miongo, wengine wakafa wakidai.

Mengine ni machache. Slipu zitunzwe. Jina kwenye kitambulisho na jina kwenye mfuko yafanane, hata herufi. Warithi waandikwe, na baada ya talaka waandikwe upya. Usiache kazi kwa barua ya hasira. Ukiacha mwenyewe lile fao la kukosa ajira hulipati. Nyie mnaobeba mizigo mlimani na kulipwa kwa safari, mchango wa hiari upo NSSF, na hauulizi una mwajiri. Mkupuo si wa kununulia basi la abiria. Hilo la mwisho wanaume wa ukoo huu wanajua nasema nini.

Mwalimu, wewe ni mtoto wa kaka yangu, mimi shangazi yako, nina ruhusa ya kukugombeza mara mbili. Ulimwambia mwenzako maneno mabaya mbele ya watoto. Mpigie simu. Na wewe dereva, usijibu kwa mzaha.

Pasaka mkija, kila mtu aje na taarifa yake ya michango, iwe kwenye simu au kwenye karatasi. Baada ya ibada tutakaa uani palepale. Kaka yenu mkubwa ndiye atakayezungumza kwanza, safari hii mbege atamimina mtu mwingine. Mimi nitakuja na kile kikokotoo changu cha mezani cha tangu halmashauri. Betri nimeshabadilisha.

Shangazi na mama yenu mkubwa,
Kibosho