Mwalimu atangulie, kishikwambi kifuate

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi nichangie suala la vishikwambi na kompyuta katika skuli zetu za Unguja na Pemba. Kila kifaa kinachotufikia nakipokea kwa furaha, lakini tunaanzia mwisho. Katika skuli niliyokuwa nikisomesha awali, projekta ilikaa kabatini muhula mzima, bado imo ndani ya nailoni yake, kwa kuwa hakuna aliyeonyeshwa namna ya kuiunganisha.

Estonia, yenye watu wachache kuliko Zanzibar, ilitangaza mpango wake wa kompyuta za skuli mwaka 1996, na mafunzo ya walimu yalikuwamo ndani ya mpango wenyewe. Uruguay ilianza kugawa kompyuta kwa wanafunzi wa msingi mwaka 2007. Baadaye ikaleta somo la Kiingereza kwa video: mwalimu wa mbali anafundisha kupitia skrini, mwalimu wa darasa yupo pale pale na watoto wake, kisha yeye ndiye anayeliendeleza somo siku zinazofuata. Hili hasa ndilo la kuigwa, maana kisiwani kwetu zipo skuli zinazohangaika kupata mwalimu wa fizikia.

Naiomba Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali ivitumie vituo vya walimu tulivyonavyo. Kila skuli ipeleke walimu wawili kabla vifaa havijafika, nao wakirudi wawaelekeze wenzao. Na wapangiwe saa za kazi hiyo ndani ya ratiba, si jioni baada ya vipindi, mtu keshachoka.

Mwalimu wa sayansi,
Micheweni, Pemba