Hatimiliki ziandikwe majina ya mume na mke

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mashamba ya huku Malindi na Magarini, ambako kina mama ndio wanaoshika jembe lakini ardhi na misaada ya kilimo huandikwa kwa jina la baba.

Ukienda Jilore, Langobaya au Marafa utakuta mama ndiye anayechagua mbegu, anayepanda mahindi pamoja na kunde na pojo, anayepalilia, na anayeweka mbegu ya msimu ujao juu ya uchaga ili moshi wa jikoni uzuie dumuzi, mdudu anayetoboa nafaka. Mume mara nyingi yuko mjini akitafuta kibarua. Lakini mbolea ya ruzuku hutolewa kwa waliosajiliwa, na ujumbe wake hutumwa kwa simu ya aliyesajiliwa. Hivyo basi hutokea ujumbe ukampata mume Mombasa ilhali masika yameshaanza na mama yuko shambani mikono mitupu.

Hayo ya mbolea yanaweza kurekebishwa kwa kusajili upya. La ardhi ndilo zito zaidi. Tunahimizwa tufanye kilimo kisichochosha udongo: tutie samadi, tuchimbe makinga maji, tupande miembe na mikorosho katikati ya mimea ya chakula. Ushauri huo ni mzuri, ila matunda yake huja baada ya miaka, na mwanamke ambaye mume akifariki anaweza kuondolewa na mashemeji hana sababu ya kupanda mkorosho. Atapanda kinachoiva upesi, avune, na udongo uzidi kuchoka. Simlaumu hata kidogo.

Sheria ipo. Ibara ya 60 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inataka ubaguzi wa kijinsia katika mambo ya ardhi uondolewe, hata ule unaotokana na mila, na kwa sisi Waislamu fungu la binti katika mirathi limetajwa wazi katika Sura ya An-Nisaa. Wazee wengine husema kwamba jina la mke likiingia kwenye hati, ardhi itatoka mikononi mwa ukoo. Naheshimu hofu yao, lakini ardhi nyingi ya pwani yetu imetoka kwa kuuzwa kimyakimya na mwanamume mmoja mwenye hati, na hati ya majina mawili ingeuzuia uuzaji wa namna hiyo.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2011 kwamba wakulima wanawake wa nchi zinazoendelea wakipata nyenzo sawa na wanaume, mavuno ya mashamba yao yanaweza kuongezeka kwa asilimia 20 hadi 30. Hicho ni chakula cha watoto wetu.

Katika ukanda wa maili kumi kutoka baharini bado kuna familia nyingi zisizo na hatimiliki, nasi huahidiwa kila mara kwamba zitatolewa. Naiomba serikali ihakikishe kuwa kila hati itakayotolewa kwa wanandoa inabeba majina yote mawili, na kwamba daftari la wakulima linamwandika anayelima kwa namba yake mwenyewe ya simu. Nao maafisa wa ugani wafanye mafunzo yao vijijini baada ya alasiri, wakati kina mama wamekwisha kurudi kutoka shambani na kuteka maji.

Wako mtiifu,
Mkulima, Jilore, Malindi