Kula pamoja peke yake hakupatanishi ndugu

Mhariri, naomba nafasi nichangie hili swala la ndugu wasioongea. Siku hizi ushauri ni uleule, wakutanisheni, fanyeni sherehe, wacheze mechi, yataisha. Mi nasema hayaishi hivyo, watu wanatoka kwenye sherehe wamenuniana kuliko walivyoingia maana kule ndo wamepata nafasi ya kurushiana vijembe mbele za watu.

Mwaka 1954 kule Oklahoma, Marekani, mwanasaikolojia Muzafer Sherif aliweka watoto wa kiume 22 kambini, makundi mawili, akawashindanisha mpaka kundi moja likachoma bendera ya lingine. Akajaribu kuwalisha pamoja na kuwaonyesha sinema, wapi, wakaishia kurushiana chakula. Kilichowalainisha ni shida ya wote, maji ya kambi yalikatika ikabidi wote wahangaike kutafuta tatizo liko wapi, halafu gari la kwenda kuleta chakula likagoma kuwaka wakalivuta kwa kamba ileile waliyokuwa wanashindania kuvutana. Na haikuwa mara moja, ni kazi baada ya kazi, siku kadhaa.

Najua wale walikuwa watoto na sio ndugu wenye madonda ya miaka, ila somo lipo. Mpeni kaka na dada kazi ambayo mmoja hawezi kuimaliza bila mwenzake, kuezeka paa la mzazi kwa mfano, wataanza na "nishikie hapo", "leta misumari", na hayo ni maongezi tayari. Mtu mliyenuniana naye ni rahisi zaidi kuongea naye mikono ikiwa na kazi kuliko mmekalishwa mnatazamana.

Lakini kazi yenyewe iwe ya haki jamani! Hapa ndo familia nyingi zinaharibu, dada ndo anamuogesha mgonjwa na kukesha, kaka anatuma hela halafu anapiga simu kutoa amri, eti tunamuuguza pamoja. Hapo mnaongeza kinyongo tu, kila mmoja anahesabu kilicho chake.

Na kama ugomvi ni wa urithi au deni, hata mlime shamba zima pamoja deni liko palepale, lazima mkae mlizungumze. Kazi inasaidia mfike kwenye hicho kikao mkiwa mnasalimiana. Kwa hiyo wazee wetu mnaoitisha vikao vya usuluhishi, naomba kabla ya kikao watafutieni kwanza wahusika kitu cha kufanya pamoja, tena msiwawekee msimamizi kutoka upande wowote.

Msomaji wenu