Bei ya undugu na kodi ya nyumba ya urithi

Mhariri,

Nilipomuuzia dada yangu fungu langu la nyumba ya marehemu mama kwa bei ya undugu, nilidhani hilo ni letu wawili. Sivyo. Uingereza, faida ya mauzo ya ndugu kwa ndugu huhesabiwa kodi kwa bei ya soko, hata hati ikitaja nusu yake. Marekani, ukimuuzia nduguyo kwa hasara, hasara hiyo haikupunguzii kodi.

Kote huko faida huhesabiwa kuanzia thamani ya mali siku mwenyewe alipofariki. Sisi hatukuwa na tathmini hiyo. Tulipekua kabati la mama tukaambulia risiti za rangi na misumari. Wanasheria wa mirathi, nawasihi, itajeni karatasi ya tathmini mapema, kabla ndugu hawajapeana mikono.

Mrithi